Maswali ya wasomaji: Misuli ikifanya kazi inatuma ujumbe mwili mzima

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba misuli ikifanya kazi inamwaga protini kwenye damu, na hizo protini zinaenda mpaka kwenye ini, kwenye mafuta, kwenye kongosho, hadi kwenye ubongo, na zikifika huko zinabadilisha jinsi viungo hivyo vinavyofanya kazi. Wataalamu wanaziita maiokaini. Sikutegemea barua na meseji nyingi kiasi hiki, na kwa kweli nimefurahi sana, maana hili ni jambo ambalo natamani kila mtu alijue, kuanzia mtoto wa shule mpaka bibi. Nimechagua zile ambazo naona zinawagusa wengi.

Dokta habari za kazi. Nimesoma makala yako ila kuna kitu kimenikwaza. Umesema misuli inatoa intaleukini 6, ile protini ambayo chembe za kinga hutumia kupeana ujumbe, sasa mimi ninavyojua hiyo inapanda mtu akiwa na maambukizi, na kwa watu wanene iko juu muda wote na inahusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Kitu hichohicho kinakuwaje kizuri tukikimbia? Na walijuaje inatoka kwenye misuli na sio kwenye chembe za kinga?
*Mwalimu wa sayansi, Mbeya*

Mwalimu nzuri, na asante sana, hapa umegusa penyewe. Nianze na swali lako la pili maana ndio linafungua la kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 90 watafiti wa Copenhagen kule Denmark, timu ya profesa Bente Klarlund Pedersen, walikuwa wanapima damu za wakimbiaji wa marathoni wakakuta intaleukini 6, tuiite IL-6 tusichoke, imepanda vibaya mno. Kwenye mazoezi marefu sana inaweza kufika hata mara 100 ya kiwango cha mtu aliyetulia. Wazo la kwanza lililowajia watu wengi ni kama lako mwalimu, kwamba misuli imechanikachanika huko njiani, sasa chembe za kinga zimekuja kusafisha na ndizo zinazoitoa.

Mwaka 2000 wakatoa jibu la jaribio ambalo mimi nikilifikiria huwa nalipenda sana kwa urahisi wake. Walichukua wanaume 6 wazima wa afya, wakawakalisha, mguu mmoja unapiga teke mbele unarudi, unapiga teke unarudi, taratibu, masaa 5 mfululizo, na mguu wa pili umetulia tu haufanyi chochote. Alafu wakawa wanachukua damu inayoingia na damu inayotoka, kwa kila mguu. Yaani mtu yuleyule, moyo uleule, damu ileile, tofauti ni kwamba paja moja liko kazini na lingine limepumzika. Damu iliyokuwa inatoka kwenye mguu unaofanya kazi ilikuwa na IL-6 nyingi kuliko iliyoingia, na ikazidi kuongezeka kadiri masaa yalivyoenda mpaka kiwango cha mwilini kikafika karibu mara 20 ya mwanzo. Mguu uliotulia haukutoa kitu. Sasa hapo utasema nini tena, kitu kinatoka kwenye paja linalofanya kazi. Baadaye wakachukua vipande vidogo vya misuli wakaangalia ndani wakaona jeni ya IL-6, yaani maagizo ya urithi ya kuitengeneza, inawashwa kwenye nyuzi za misuli zenyewe, na kupiga teke taratibu namna ile hakuchani misuli kiasi hicho. Mwaka 2003 timu hiyohiyo ndio ikapendekeza jina maiokaini.

Na kuna ushahidi mwingine ambao watu hawausemi sana. Watu waliovunjika uti wa mgongo na miguu imepooza, ukiichezesha misuli yao kwa umeme, mwili unaitikia kwa mambo mengi kama mtu aliyefanya mazoezi, wakati mishipa ya fahamu kutoka kwenye ile misuli kwenda kwenye ubongo imekatika. Kwahiyo lazima kuna ujumbe unapita kwenye damu.

Sasa kwanini misuli itoe kitu hicho? Sababu kubwa ni nishati. Misuli ina akiba yake ya sukari, ikianza kupungua IL-6 inatoka kwa wingi zaidi, inaenda kwenye ini kuliambia litoe sukari, inaenda kwenye mafuta kuyaambia yaachie mafuta yatumike. Ndio maana mtu akinywa kinywaji cha sukari wakati wa mazoezi IL-6 inapanda kidogo tu, misuli haina haja ya kuomba sana.

Turudi kwenye ubaya na uzuri. Mtu mwenye mafuta mengi ya tumboni IL-6 yake iko juu kidogo lakini masaa 24, mwaka mzima, na haiko peke yake, iko pamoja na kitu kinaitwa TNF ambacho ndicho kinachochea ile hali ya kinga kuwaka mwilini bila sababu, inflamesheni. Ya mazoezi inapanda juu sana alafu ndani ya masaa machache imeshuka, haitanguliwi na TNF, na ikishapanda inafuatwa na vitu vinavyotuliza inflamesheni, mfano intaleukini 10. Ni kama moto jikoni, kuna ule unaowashwa ukapika ukazimwa, na kuna ule unaoachwa unafuka usiku kucha mpaka nyumba nzima inakohoa. Wale watafiti walilijaribu hili moja kwa moja, wakawadunga watu wa afya sumu kidogo ya bakteria ili kinga iwake kwa makusudi. Waliokuwa wamepumzika TNF ikapanda. Waliotangulia kuendesha baiskeli masaa 3 haikupanda, na waliopewa IL-6 tu kwenye mshipa bila mazoezi nao haikupanda. Majibu hayo yalitoka 2003.

Kwahiyo mwalimu ulichokuwa unakijua ni kweli, ongezea tu hili, kwamba inategemea inatoka wapi, inakaa muda gani na imeambatana na nani. Ukiwafundisha hivyo wanafunzi wako utakuwa umewasaidia sana.

Dokta shikamoo. Mimi ni mama lishe, naamka saa kumi alfajiri, nasonga ugali sufuria kubwa, nabeba ndoo za maji, nasimama mpaka jioni. Nikiona watu wamevaa raba wanaenda kukimbia najiona kama sifanyi mazoezi. Binti yangu ananiambia kazi sio mazoezi. Ni kweli?
*Mama wa Temeke*

Marahaba dada yangu, pole na kazi. Mwambie binti yako misuli haijui kama umevaa raba au kanga. Ikikaza na kuachia inatoa protini zake, awe anayekimbia ufukweni au anayepandisha ndoo ngazini. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linahesabu kazi za riziki, kazi za nyumbani na kutembea kwenda unakokwenda, zote ni sehemu ya zile dakika 150 mpaka 300 kwa wiki wanazoshauri kwa mtu mzima.

Angalia ndugu zetu Wahadzabe kule Ziwa Eyasi. Watafiti waliwavalisha vipimo vya mapigo ya moyo wakakuta kwa wastani wanafanya kama dakika 135 kwa siku za mwendo wa wastani mpaka wa nguvu, nimesema kwa siku, na presha zao na mafuta ya kwenye damu yako vizuri mpaka uzeeni. Hawana jimu, wanatembea kutafuta chakula, wanachimba mizizi, wanachota maji.

Ila dada yangu nikuambie ukweli wote. Kusimama tu sio sawa na kutembea, misuli imekaza kidogo muda mrefu mahali pamoja, mwisho wake ni miguu kuvimba na mgongo kuuma. Na kusonga ugali kunajenga mikono na mabega kweli, lakini mikono ni misuli midogo ukilinganisha na mapaja na makalio, mazoezi ya mikono peke yake hayapandishi IL-6 kama ya miguu. Kwahiyo kwenye siku yako kinachohesabika zaidi ni pale unapotembea haraka kwenda sokoni na kurudi na mzigo, na pale unapobeba ndoo. Maharage yakiwa yanachemka, badala ya kusimama wima shika ukingo wa meza, nyanyuka kwa vidole vya miguu ushuke, nyanyuka ushuke, mpaka usikie vigimbi vinapata moto. Alafu kaa kwenye stuli, nyanyuka bila kushika, kaa tena.

Na upumzike tafadhali. Kazi nzito ya kutwa nzima bila kupumzika inachosha moyo na viungo, ndio tofauti yake kubwa na mtu anayekimbia nusu saa alafu akaoga akakaa. Usije ukajiongezea kukimbia juu ya hiyo mizigo kisa maneno ya mtoto.

Mambo vipi dokta, mi ni dereva wa masafa, kitambi kimekuwa kero, kila nikifika gesti napiga sit up 100 lakini hakipungui hata inchi. Hizo protini za misuli ya tumbo mbona haziunguzi mafuta ya hapohapo?
*Dereva, Morogoro*

Poa kaka. Protini zinaingia kwenye damu, na damu inazunguka mwili mzima, hazibaki kwenye tumbo kwa kuwa tumbo ndio limefanya kazi. Misuli ya tumbo ni myembamba, unaichosha kwa dakika tano, inachotoa ni kidogo. Ukitaka ujumbe uende mwingi tumia miguu.

Na kitambi chako hicho sehemu kubwa sio mafuta ya chini ya ngozi, ni yale ya ndani yanayozunguka utumbo na ini, ndio mabaya kuliko yote. Kuna utafiti wa Denmark uliotoka 2019 ambao kwa maoni yangu ndio mzuri kuliko zote kwenye hii mada. Walichukua watu wazima wenye vitambi, wengine wakaendesha baiskeli wiki 12, wengine hapana. Kwa kila kundi baadhi wakapewa dawa inaitwa tocilizumab, dawa ya ugonjwa wa baridi yabisi, kazi yake ni kuziba mlango ambao IL-6 inaingilia kwenye chembe, na wengine wakapewa maji tu yasiyo na dawa. Wale wa baiskeli wasio na dawa mafuta ya ndani yalipungua. Wale wa baiskeli wenye dawa waliendesha vilevile, walitoka jasho vilevile, mafuta ya ndani hayakupungua. Kaka hebu tulia hapo kidogo ulielewe, sio kalori tu zilizounguzwa, ni kwamba ujumbe ulizibwa na kazi haikufanyika. (Kama kuna msomaji anatumia dawa hiyo kwa ajili ya viungo, usiiache, faida yake kwako ni kubwa, ongea na daktari wako.)

Kinyume chake pia kimepimwa. Vijana wazima waliozoea kutembea sana waliambiwa wapunguze mpaka chini ya hatua kama 1,500 kwa siku kwa wiki 2 tu, wapande lifti, wapande gari, yaani maisha kama ya kwako kwenye kiti. Majibu yalitoka 2008, mafuta ya ndani ya tumbo yaliongezeka kwa asilimia 7 na insulini yao, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, ikaanza kufanya kazi kwa shida. Wiki 2!

Sasa wewe unaendesha masaa mangapi? Kila unaposimama kwenye mizani au kujaza mafuta, shuka, zunguka lori mara kadhaa kwa mwendo wa haraka, chuchumaa nyanyuka mara 15 ukishika bampa. Ukifika gesti tembea nusu saa kabla ya kula badala ya hizo sit up. Na chipsi mayai saa nne usiku hapana kaka, hakuna misuli inayoweza kushindana na hiyo.

Dokta kuna jamaa jimu anauza vidonge anasema vina irisini, homoni ya mazoezi, unameza tu mafuta yanaungua. Bei imesimama kweli. Alafu ana poda nyingine eti inazuia maiostatini. Ninunue?
*Kijana, Mwanza*

Usinunue mdogo wangu. Hiyo hela nunua samaki na maharage.

Irisini ipo kweli, jina lilitangazwa 2012 na timu ya Bruce Spiegelman ya Boston, wakaliita kutokana na Iris, mjumbe wa miungu kwenye hadithi za Wagiriki. Kwa panya waliona inafanya mafuta meupe yaanze kuchoma nishati kama mafuta ya kahawia, yale ambayo kazi yake ni kutoa joto. Dunia ikachangamka, alafu ukazuka ubishi mkali maana vipimo vilivyokuwa vinauzwa vya kupimia irisini vingi vilikuwa vinashika vitu vingine. 2015 wakaipima kwa njia ya uhakika zaidi wakaikuta kwenye damu ya binadamu, na inapanda kwa mazoezi, ila kiwango ni kidogo. Inafanya nini hasa kwa binadamu bado watu wanatafiti. Hata tukisema inafanya kila kitu, irisini ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya vilevile linavyomeng'enya yai. Insulini nayo ni protini, na ndio maana watu wa kisukari wanajichoma sindano.

Maiostatini ni stori nyingine, hiyo ni protini ambayo misuli inaitoa kujizuia yenyewe isikue kupita kiasi. Iligunduliwa 1997 Marekani, chuo cha Johns Hopkins, walipoizima kwa panya misuli ikawa mara mbili mpaka tatu ya kawaida. Wale ng'ombe wa Ubelgiji wenye misuli imetuna kama imechongwa, ni kwamba jeni yao ya maiostatini ina hitilafu. Kampuni za dawa zimehangaika miaka mingi kutengeneza dawa ya kuizuia kwa watu wenye magonjwa ya misuli, misuli imeongezeka kwa baadhi ila nguvu haikuongezeka kama walivyotarajia. Sasa kama maabara zile zote zimehangaika hivyo, jamaa wa jimu kaipata wapi kwenye kopo? Kunyanyua vyuma kwenyewe kunashusha maiostatini, na hiyo unaifanya tayari, hongera.

Na kingine, misuli inatoa mamia ya protini, sio moja. Nyingine zinapanda, nyingine zinashuka, zinapishana kwa dakika na masaa, zinajibizana na ini na mafuta. Kidonge chenye kitu kimoja hakiwezi kuiga hiyo hata kama kingekuwa cha kweli.

Asalaam aleikum mwanangu. Nina miaka 67, nina kisukari mwaka wa nane, nameza vidonge. Magoti yanauma siwezi kukimbia. Vijana wanasema bila kukimbia hamna faida. Je mimi nimeshachelewa?
*Mzee, Unguja*

Waaleikum salaam babu, shikamoo. Hujachelewa, na hao vijana wasamehe, hawajui. Kukimbia ni njia moja tu ya kuifanyisha misuli kazi.

Babu kwa mwenye kisukari misuli ina kazi mbili. Ya kwanza ni hizo protini. Ya pili ni kwamba misuli ndio inameza sukari nyingi kuliko kiungo kingine chochote insulini inapokuja, na ikiwa inafanya kazi inafungua milango ya sukari hata bila kusubiri insulini, ile insulini yako inayosuasua. Kwahiyo ukila chakula cha mchana ukakaa barazani, sukari inabaki kwenye damu. Ukila ukatembea mdogomdogo dakika 10 au 15 kwenye uchochoro wako, miguu inaichukua.

Sasa magoti. Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa nusu ya mbele ya kiti, usijiegemeze nyuma. Miguu iwe upana wa mabega, nyayo zirudi nyuma kidogo karibu na kiti, mikono ikunjwe kifuani. Inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, alafu sukuma sakafu kwa visigino usimame. Usisite katikati. Ukishasimama, kushuka ndio kwenye kazi babu, shuka polepole ukihesabu moja mpaka nne, usijibwage, maana pale unaposhuka taratibu mapaja yanafanya kazi kubwa na ndio yanalinda goti. Ukiona goti linauma kwa kuchoma weka mto juu ya kiti kiwe kirefu zaidi, au shika kona ya meza. Anza na 5, pumzika, 5 tena, asubuhi na jioni. Ukizoea fika 10. Umri unavyoenda mapaja ndio yanaisha haraka, na mzee akianguka akavunjika nyonga ndio shida kubwa inaanzia hapo.

Tahadhari zangu mbili babu na uzichukulie kwa uzito. Kama kati ya vidonge vyako kuna glibenklamaidi, au siku ukiwekwa kwenye insulini, mazoezi yanaweza kushusha sukari mpaka ikawa hatari, kwahiyo tembea baada ya kula na uwe na peremende au tende mfukoni, ukisikia jasho la baridi, kutetemeka au kuchanganyikiwa kula hapohapo ukae chini. Ramadhani ukifunga ndio zaidi, fanya baada ya futari na uongee na daktari wako kabla ya mwezi kuandama. Ya pili ni miguu, usitembee peku, na kila usiku mwambie mjukuu akuangalizie nyayo kama kuna kidonda, maana kisukari kinaweza kukuumiza usisikie.

Daktari, mamangu alipatikana na kansa ya matiti mwaka huu, amemaliza kemo juzi. Shangazi zangu wamemkataza hata kufagia, wanasema apumzike nguvu zirudi. Mimi nilisoma mahali kwamba misuli hupigana na kansa. Nimwambie nini?
*Binti, Nairobi*

Pole sana mpenzi, na mpe mama pole. Shangazi zako wanampenda, na zamani hata madaktari walikuwa wanasema hivyohivyo, pumzika. Siku hizi ushauri umebadilika.

Hilo ulilosoma linawezekana lilitokana na utafiti wa panya wa 2016, wa Copenhagen tena. Panya waliopewa gurudumu la kukimbilia uvimbe wao wa saratani ulikuwa mdogo kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko wa panya wasiokimbia. Walipofuatilia wakakuta adrenalini ya mazoezi inaziamsha chembe fulani za kinga zenye kazi ya kuua chembe zilizoharibika, na IL-6 inasaidia kuzipeleka mpaka kwenye uvimbe. Ni kazi nzuri sana, ila ni panya, na usimwambie mtu yeyote kwamba kutembea kunatibu kansa.

Kwa binadamu tuna jibu zito la 2025, kwenye saratani ya utumbo mpana, sio ya matiti. Wagonjwa 889 waliomaliza upasuaji na kemo waligawanywa, nusu wakapewa kijitabu cha ushauri, nusu wakapewa programu ya mazoezi yenye msimamizi kwa miaka 3, wengi walitembea tu kwa haraka. Baada ya miaka 8 waliokuwa hai kwenye kundi la mazoezi walikuwa kama 90 katika kila 100, kwenye kundi la kijitabu kama 83. Kama ni maiokaini au insulini au kitu kingine ndicho kilichofanya hivyo, jaribio lile halikulenga kuonyesha. Kwa kansa ya matiti, kinachojulikana vizuri ni kwamba mazoezi yanapunguza ule uchovu mzito wa baada ya kemo, yanarudisha nguvu na yanainua moyo.

Kwahiyo aulize daktari wake kwanza kama damu iko ya kutosha na kama kansa haijagusa mifupa, maana hapo kuna mambo ya kuepuka. Akiruhusiwa aanze na kutembea uani dakika 5, kesho yake 7. Na shangazi mmoja atembee naye! Hao wanaompenda ndio wa kumshika mkono.

Majibu ya harakaharaka

*Ukitoka jasho jingi ndio protini zinatoka nyingi?* (Kondakta, Dar) Hapana. Jasho ni mwili unajipoza. Kuvaa jaketi la nailoni juani kunakukausha maji tu, misuli haiongezi chochote.

*Nisipoumwa misuli kesho yake ina maana sikufanya kitu?* (Mama wa watoto wawili, Dodoma) Hapana mama. Maumivu yanakuja ukifanya kitu usichokizoea na kwa kawaida yanaisha ndani ya siku chache. Protini zinatoka hata usipoumwa. Ila mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au kola baada ya mazoezi makali nenda hospitali siku hiyohiyo, hiyo ni misuli imevunjika na inaweza kuua figo.

*Mimi nafanya Jumamosi tu masaa mawili, inatosha?* (Karani, Tabora) Ni bora sana kuliko kutofanya. Lakini kumbuka ujumbe wenyewe unashuka ndani ya masaa, kwahiyo ukiweza gawanya, hata dakika 25 siku nyingine tatu katikati ya wiki, na siku mbili uweke kitu cha nguvu, kuchuchumaa, pushapu, kubeba.

Shikamoo dokta. Niko kidato cha sita, mitihani imekaribia. Mwalimu wa michezo anasema tukikimbia asubuhi akili inafunguka, wenzangu wanasema ni kupoteza muda wa kusoma. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba mwanangu. Mwalimu wenu wa michezo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba misuli ikikimbia inatoa protini inaitwa kathepsini B, kwa panya, kwa nyani na kwa watu. Panya wa kawaida walipokimbia kumbukumbu iliongezeka, lakini panya wasio na jeni ya hiyo protini walikimbia vilevile na kumbukumbu haikuongezeka. Vijana waliofanya mazoezi ya kukimbia miezi 4, wale ambao kathepsini yao ilipanda zaidi ndio waliokuwa bora kwenye kuchora upya mchoro mgumu kwa kukumbuka.

Umeona hapo, miezi 4, sio wiki moja ya kabla ya pepa. Kwahiyo usitegemee muujiza kwenye mtihani huu, lakini dakika 20 za kukimbia asubuhi haziwezi kukufelisha, zitakusaidia kulala vizuri usiku na kukaa macho kwenye prepu. Kama Iringa asubuhi baridi inakushinda kimbia jioni kabla ya kuoga, misuli haichagui saa. Usingizi tu ndio usiukate ili upate muda wa kukimbia, lala masaa yako 8.